Vigezo vitano, majaribio 30: Box-Behnken au mbinu ya Bayes?

PipetiTisa
Wakuu, naomba ushauri. Nakuza bakteria wa E. coli wanaotengeneza kimeng'enya, kwenye matangi manne madogo. Vigezo ni vitano: joto, pH, oksijeni, kasi ya kulisha glukosi, na saa ya kuweka IPTG (kemikali inayowaamsha bakteria waanze kutengeneza kimeng'enya). Kwa viwango vitatu kila kimoja ni majaribio 243. Mimi nina nafasi ya 30. Nimekuwa nikibadilisha kigezo kimoja kimoja, mavuno yamegoma kupanda. Nitumie Box-Behnken, mpango unaopanga majaribio yote mapema, au niiachie mashine ichague kwa mbinu ya Bayes, yaani ipendekeze majaribio yajayo kutokana na matokeo yaliyotangulia?

TakwimuKwanza
Kigezo kimoja kimoja acha leo hii. Joto na ulishaji vimeshikana: kasi iliyofaa nyuzi 37 ukiipeleka nyuzi 30, bakteria hawaimalizi glukosi, inajaa tangini, asetati (taka ya bakteria wenyewe) inapanda na seli zinadumaa. Utadhani kosa ni la joto.
Box-Behnken ya vigezo vitano ni majaribio 40, bado ya katikati (vigezo vyote vikiwa kwenye kiwango cha kati). Haikutoshi. Chukua nusu ya mpango wa viwango viwili (chini na juu), 16, ongeza 10 ya mhimili (kigezo kimoja kinasogezwa, vingine vinabaki kati) na 4 ya katikati. Thelathini kamili.

Modeli_na_Hamira
Hesabu hiyo ni sahihi, ila mpango huo unamlazimu kwenda hata pembe za mwisho za vigezo ambako seli zinakufa. Mimi ningeanza na majaribio 10 yaliyotawanywa vizuri, kisha modeli ya Gauss (hesabu ya mbinu ya Bayes inayokadiria mavuno) ipendekeze manne manne, kwa kuwa matangi ni manne. Kila mahali inatoa kadirio na kiasi cha shaka yake, kwa hiyo inachagua penye matumaini au pasipojulikana bado.
Lakini pima kelele kwanza, yaani matokeo yanavyoyumba hata hali ikiwa ileile! Kipima-pH cha tangi letu moja kilikuwa kimehama, kinasoma vibaya, nasi hatukujua. Tangi hilo likatoa namba nzuri ajabu, modeli ikaung'ang'ania mchanganyiko ule wa vigezo raundi tatu mfululizo. Tuliporudia kwenye tangi jingine, hakukuwa na kitu. Majaribio 12 yalipotea, na bado yananiuma.

TangiKubwa
Hamjagusa oksijeni. Tangi dogo linaipitisha kwa urahisi, kubwa haliwezi hivyo. Ukiiacha mashine huru itapandisha ulishaji mpaka seli zidai oksijeni ambayo tangi la uzalishaji halitaipata kamwe. Weka mpaka wa ulishaji kufuatana na uwezo wa tangi kubwa, tangu jaribio la kwanza.

TakwimuKwanza
Nakubaliana na mpaka huo. Na kama matokeo ya kimeng'enya yanachukua wiki mbili kutoka, raundi za Bayes zitamchelewesha sana. Hapo mpango wa mara moja unashinda.

PipetiTisa
Yanatoka siku ya pili. Basi naenda na Bayes. Jumatatu matangi yote manne yanapata hali ileile, nione yanatofautiana kiasi gani. Vipima-pH nitavisawazisha upya kabla ya hapo.

Modeli_na_Hamira
Na ukimaliza kukuza, vipime tena. Chetu kilihama katikati ya jaribio.