Mjadala: Dresden walikosea kumfunua Kupido wa Vermeer?

Mleta mada:
Wadau wa sanaa, hili naomba tulichambue. Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft, Uholanzi, alichora takriban 1657 hadi 1659 picha ya msichana anayesoma barua mbele ya dirisha lililo wazi. Tangu 1742 picha hiyo ni mali ya Dresden, Ujerumani, na vizazi vyote hivyo viliona ukuta mtupu nyuma ya msichana. Mwaka 1979 eksirei ikaonyesha kuna Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, chini ya rangi ya ukuta. Wataalamu wakadhani Vermeer mwenyewe alibadili mawazo. Jumba la makumbusho la huko Dresden likaanza ukarabati 2017, rangi ile ikakwanguliwa, na Septemba 2021 tukaonyeshwa Kupido mzima.

Mimi nasema wametuharibia picha. Vermeer ni mwanga bwana! Ulikuwa unaingia dirishani upande wa kushoto, unagusa paji la uso wa msichana, kisha unatawanyika ukutani bila kitu cha kuuzuia. Sasa jicho linakimbilia lile toto lenye upinde. Na barua je? Zamani ungejiuliza imetoka kwa mume, kwa baba, au ni taarifa ya msiba. Leo umeshatafuniwa, kazi yako kumeza tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unamtetea Vermeer au unamtetea aliyemfuta Kupido wake? Maabara ilikuta vanishi na uchafu kati ya Kupido na ile rangi ya juu. Uchafu haujikusanyi kwa wiki moja. Picha ilikaa miongo kadhaa na Kupido wake kabla haijafunikwa, na Vermeer alifariki 1675 akiwa na miaka 43. Huo ukuta unaousifia ni wa mtu mwingine kabisa.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea. Kupido wa namna hiyohiyo yumo kwenye picha nyingine ya Vermeer iliyoko jumba la sanaa la National Gallery, London, ya mwanamke aliyesimama penye kinanda. Kwa hiyo hakupachikwa kwa bahati mbaya. Halafu mtazame miguuni: anakanyaga barakoa za kuigizia, alama ya unafiki. Mapenzi ya kweli yanaushinda unafiki. Kama barua ni ya mpenzi, bado hujui kama aliyeiandika ni mkweli. Kitendawili kipo palepale.

Mchangiaji wa tatu:
Hofu yangu mimi ni kwamba rangi iliyokwanguliwa hairudi. Walitumia kisu cha upasuaji na hadubini, sawa, heshima kwao. Lakini kesho kipimo kipya kikisema vingine, tutafanyaje?

Mleta mada:
Sibishani na maabara. Nauliza, nani kasema mchoraji ndiye mwenye neno la mwisho? Picha yenye ukuta mtupu ndiyo iliyopendwa zaidi ya karne mbili. Na msisahau picha yake ya mwanamke anayemimina maziwa, iliyoko jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Watafiti walitangaza 2022 kwamba Vermeer alianza kuweka rafu ya kuning'inizia magudulia nyuma yake, akaifuta mwenyewe. Alijua thamani ya ukuta mtupu!

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo umejifunga, mkuu. Alipotaka ukuta mtupu alishika brashi akafuta mwenyewe. Huyu Kupido alimwacha.