Tupeane uzoefu: unaitunzaje modi yako wakati hamu ya gemu imeshaisha?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina modi (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na mchezaji) ya basi la mkoani kwenye Euro Truck Simulator 2. Nilianza kulichonga kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, mwaka 2019 nikiwa chuo. Gemu yenyewe ni ya malori ya Ulaya, na mimi nimekulia jirani na stendi ya Ubungo, nilitaka basi la kwetu. Mapazia ya dirishani peke yake yalinila wiki mbili.

Siku hizi hamu ya kucheza sina kabisa. Nina kazi, nina mtoto mchanga. Gemu naifungua pale tu SCS Software, watengenezaji wake, wanapotoa toleo jipya na watu wanaanza kuniandikia kwamba basi limegoma. Toleo la 1.37, mwaka 2020, ndilo lililonitoa jasho. Walihamia mfumo wa sauti wa FMOD, basi langu likawa bubu, injini na honi vyote kimya. Nilipanga sauti upya, moja moja, mpaka alfajiri.

Utaratibu wangu ni huu: naondoa modi nyingine zote, naendesha kidogo, kisha nafungua game.log.txt, faili ambamo gemu huandika yaliyotokea, na kusaka mistari ya makosa. Ni kazi ya saa mbili tatu, ila kwa mtu aliyetoka kazini amechoka, ni mlima.

Kuacha nashindwa. Kuna kijana wa Songea alinitumia picha ya basi langu, ubavuni ameandika jina la marehemu baba yake, aliyekuwa kondakta. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Fundi wa Usiku: Pole mkuu. Chonde, usilifunge hilo faili la modi (.scs) watu wasiweze kuona kilichomo. Mimi lori langu nililifunga kwa kuogopa wezi wa kazi. Baadaye kompyuta ikaungua na faili zote za Blender. Limebaki lile lililofungwa, na kulifungua nimeshindwa. Watu wananiomba nilitengeneze, nami siwezi hata kuligusa. Inaniuma mpaka leo.

Mchora Mathree: Mimi niko Nakuru, nilikuwa nachora matatu za gemu ya Bus Simulator Indonesia. Ile ni ya simu, na rangi yake ni picha ya PNG tu, kwa hivyo haikunisumbua kama nyinyi. Nilipochoka niliwaachia watu mchoro wenyewe, kila tabaka peke yake, kila mtu ajichoree. Juzi nimeona mtoto wa jirani akiendesha gari lenye michoro yangu, na hajui ni yangu. Nilifurahi sana.

Mleta mada: Fundi, umenishtua. Nimetoka kukagua sasa hivi: faili ya mapazia ilikuwa kwenye flashi moja tu. Nimeshanakili kila kitu sehemu mbili. Yule kijana wa Songea anajua Blender kidogo, nimemwuliza kama atapenda kulipokea basi. Amejibu, "Kaka, nianzie wapi?" Jumamosi tunakaa kwenye simu, tunaanza na sauti.