Naomba ushauri: Usiku wa wazee wa dansi Tabora, tuzo ya mwisho nimpe nani?

Kijana wa Kanyenye
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko hapa Tabora mjini, nimekwama na usingizi sipati. Mimi na wenzangu tunaandaa usiku wa kuwaenzi wanamuziki wa zamani wa dansi wa mji huu pamoja na wapenzi wao. Wapenzi kwa maana ile ya zamani: waliokaa mlangoni kukata tiketi, walioshona sare, waliobeba spika begani kutoka stesheni, waliokopesha bendi unga ilipolala njaa. Vijana wa leo ukiwaambia Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zote ni za hapa hapa wanakukodolea macho. Dada Asha wanaijua, kiitikio wanaimba, ila wanadhani ni wimbo wa Dar.

Tuzo za wanamuziki zipo, za wapenzi zipo. Ubishi uko kwenye ile ya mwisho, ile kubwa. Yamebaki majina mawili. Mmoja alikuwa mpiga solo, yu hai, ana miaka 83. Wa pili ni marehemu, hakuwahi kushika gitaa ila ndiye aliyekuwa mfadhili wa bendi yao. Kamati imegawanyika. Shughuli ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nani anastahili? Naomba ushauri, matusi hapana.

(Ujumbe umehaririwa na mwandishi)

Kipusa wa Isevya
Wa kwanza leo. Picha ya tuzo iko wapi? Halafu miaka 63 mnamwita mzee wa dansi? Baba yangu ana 66 na juzi kachukua bodaboda ya mkopo.

Mzee wa Stesheni
Marahaba wanangu. Mwangaluka kwa walioko nyumbani.

Umenigusa. Mimi nilikuwa mtu wa reli, na hamuwezi kuuelewa muziki wa Tabora bila reli. Reli ilifika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914, baadaye ikaja ya Mwanza na ya Mpanda. Kila treni ilikuwa lazima isimame hapa. Abiria wanashuka, wanasubiri treni ya kuunganisha, wengine wanalala. Sasa mtu mwenye hela ya safari mfukoni, kalala mji wa watu, jioni atafanya nini? Atatafuta panapopigwa dansi. Na Wakongo nao walikuwa wanavuka ziwa, wanapanda treni Kigoma na magitaa yao, wanakwenda Dar. Wengine walipita, wengine walionja asali ya hapa wakakaa.

Bendi ikitaka kurekodi, safari ni ile ile ya treni mpaka Redio Tanzania Dar es Salaam. Mnalala kwenye mabehewa na tumba zenu, mnafika mmevimba miguu, mnaingia studio. Santuri zenyewe zikichapwa Nairobi maana kwetu kiwanda hakikuwepo. Usiku nyimbo zikipigwa redioni, mtaa mzima unajua fulani kaimba, na huyo fulani kesho yake bado anadaiwa sukari dukani.

Marehemu mke wangu nilimpata kwenye dansi la Jumamosi. Alikuwa amekuja na kaka yake wa kumlinda. Kaka akakolea na besi, akasahau kazi aliyotumwa. Swali lako sijalijibu ila nimefurahi sana.

Roho ya Roki
Mzee heshima yako. Mleta mada, mbona hamna kipengele cha roki? Kila siku dansi, dansi. Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar 1946, Dar walikuwepo Sunburst wakapiga roki ya Kiafrika miaka ya 70, na vijana wa mijini walikuwa na bugi lao mchana Jumapili, suruali za mdomo mpana chini, soli za ghorofa. Wakubwa wakakasirika, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar 1969. Hao nani atawapa tuzo? Waliotukanwa kuwa wahuni ndio wanaosahaulika.

Kipusa wa Isevya
Freddie Mercury na Tabora wapi na wapi? Alipita kuunganisha treni ya Mpanda?

Roho ya Roki
Cheka tu. Mimi nina gitaa la umeme hapa Cheyo na majirani wameshanipeleka kwa mjumbe. Historia inajirudia.

Da Mwasi
Nimesoma mpaka mwisho, nimeona wapenzi waliobeba spika. Wanawake waliofua zile sare nyeupe zenye jasho na vumbi la Tabora wako kipengele gani? Au wamo kwenye "na wengineo"?

Swali la pili. Ukumbi, muziki, chakula, tuzo zenyewe. Nani analipa?

Kijana wa Kanyenye
Da Mwasi shikamoo. Wanawake wamo, kuna mama mmoja alikuwa anawashonea sare, tuzo yake ipo na tutamfuata nyumbani kwa gari. Michango ni ya wadau mbalimbali. Turudi kwenye swali wakuu: mpiga solo au mfadhili?

Da Mwasi
Marahaba. Wadau mbalimbali hawana jina? Nimeuliza nani analipa.

Shehe wa Kitete
Ndugu zangu, na mimi niseme ambalo hamtalipenda. Hela ya kukodi muziki mkubwa usiku mzima ingelisha yatima wangapi? Wazee hao sasa wanahitaji dua na dawa. Wapelekeeni bima ya afya mkononi, mtapata thawabu, na majirani watalala.

Kipusa wa Isevya
Shehe, enzi za uhai wa Dada Asha redioni ulikuwa wapi? Maana wewe na Mzee wa Stesheni nahisi rika moja.

Shehe wa Kitete
Nilikuwepo. Ndiyo maana naonya.

Kijana wa Kanyenye
Haya, maana naona Da Mwasi haniachi. Ukumbi, muziki na pilau analipa mtoto wa yule marehemu mfadhili. Ni mfanyabiashara, ana malori. Hakuomba jambo kubwa. Alisema tuzo ya mwisho apewe baba yake, aipokee yeye mbele ya watu. Nikamwambia hakuna shida.

Msinirukie. Bila hela kungekuwa na usiku gani? Tulizunguka maofisini na barua, kila tulikobisha tuliambiwa njoo wiki ijayo. Na marehemu kweli alifanya kazi. Alinunua magitaa, amplifaya, drams, akawapa chumba cha mazoezi. Bango nalo limeshachapwa, picha yake iko katikati.

Kipusa wa Isevya
Kumbe bango lipo! Sasa unaomba ushauri au pongezi?

Fundi Redio
Ngoja niseme kidogo, mimi nilirithi kibanda cha ufundi na nimefungua amplifaya nyingi za wazee hao.

Kwenye bendi za mikoani neno zito lilikuwa vyombo. Mwanamuziki alikuwa na vidole na koo, vyombo ni vya mtu au vya chama. Dar, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wapigaji wakawa na mshahara kama watumishi. Huku mikoani wengi waligawana kilichopatikana mlangoni, na mwenye vyombo alikata chake kwanza. Kwa hiyo mfadhili alikuwa baba, bosi, na siku mbaya ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Akinuna, hakuna dansi. Bendi ngapi zilikufa hivyo, wapigaji wazima kabisa, mkono bado mtamu, ila stoo imefungwa?

Simbezi marehemu. Bila mtu wa kuweka hela, wapigaji wale wangebaki na magitaa ya makopo. Ila nakuuliza: huyo mfadhili na huyo mpiga solo waliachana vizuri?

Kijana wa Kanyenye
Fundi, hilo siyo la hadharani.

Fundi Redio
Umeanzisha uzi hadharani, kijana wangu.

Da Mwasi
Jibu. Tumekaa paleee.

Ujiji Halisi
Wakati tunamsubiri: na sisi Kigoma lini? Tulikuwa na Lake Tanganyika Jazz, na baadaye watoto wa mkoa huu wakajaza Bongo Fleva, Ali Kiba mmojawapo, wakakusanyika kama Kigoma All Stars nchi nzima ikatuimba. Tabora kila kizuri mnasema chenu, kumbe sisi tumewapelekea kwa treni pamoja na dagaa.

Mzee wa Stesheni
Dagaa nakubali. Behewa la dagaa nililipanga mimi mwenyewe, harufu ninayo mpaka leo.

Kijana wa Kanyenye
Haya nasema, halafu mnishauri badala ya kunicheka.

Hawakuachana vizuri. Ilikuwa 1974, ule mwaka wa njaa. Mapato yalishuka, mfadhili akaona hela yake haionekani. Usiku mmoja baada ya dansi akaleta gari, vyombo vyote vikapakiwa, hakuna aliyeambiwa neno. Bendi ikaishia hapo. Mpiga solo hakupata gitaa lingine la maana, akaishi kwa kushona viatu. Nilipompelekea mwaliko akaona bango, akanirudishia kadi. Amesema kama picha ile ipo ukumbini, yeye hakanyagi.

Na huyo mpiga solo ni mjomba wa mama yangu. Mimi namwita babu. Ndiye aliyenilea nilipokuwa shule.

Da Mwasi
Kha! Na hilo ndilo ulilokuwa unalizunguka tangu jana?

Kijana wa Kanyenye
Sikutaka mseme nampendelea ndugu yangu. Nikimpa babu watasema ukoo, nikimpa marehemu nyumbani sina sura. Lakini nimetoa ahadi kwa mtu aliyetoa hela, na ahadi ni ahadi. Babu ni mtu wa kususa siku mbili, ataelewa.

Kipusa wa Isevya
Kasusa tangu 1974 unasema siku mbili.

Nauli Kamili
Nimevumilia, sasa niseme. Wakuu hii ni chai, na imewekwa tangawizi.

Kipusa kwenye jibu lake la kwanza kanukuu miaka 63, na hata mimi nilisoma 63. Sasa naona 83 na chini imeandikwa umehaririwa. Mwenye miaka 63 leo, 1974 alikuwa shule ya msingi. Alipigaje solo, kwa kaptula? Jamaa kaona hesabu imemkataa kabadilisha. Halafu bendi haina jina, ukumbi hauna jina, mfadhili hana jina, malori tu ndiyo yapo. Na mwisho mpiga solo anageuka babu. Hii ni tamthilia, kesho atatuambia mtoto wa mfadhili ni mchumba wa dada yake.

Roho ya Roki
Nauli kamuua.

Kijana wa Kanyenye
Nilikosea kubonyeza simu ya kioo kilichopasuka, nikarekebisha, ndiyo maana imeandikwa umehaririwa. Ningekuwa mwongo ningefuta. Jina la bendi sitaji kwa sababu watoto wa watu wapo mji huu na mimi naishi hapa. Ilikuwa bendi ndogo, siyo kati ya zile nilizotaja juu.

Nauli Kamili
Tupia picha ya bango. Ziba sura.

Kijana wa Kanyenye
Nikiziba sura bango litabaki na nini? Ni sura yake tu na tarehe.

Shehe wa Kitete
Iwe kweli iwe uongo, nasaha yangu ya bima iko pale pale.

Fundi Redio
Mimi kama ni chai basi kapika anayejua jiko. Vyombo kuondoka usiku kwa gari siyo jambo mtu analitunga kirahisi, nimelisikia kwa wazee zaidi ya mmoja na bendi tofauti. Wanasimulia mpaka nani alishika tochi.

Da Mwasi
Tuseme ni kweli. Kijana, huyo mwenye malori anajua baba yake alifanya nini? Pengine alikuwa mtoto, anajua tu kwamba baba alikuwa na bendi na watu walimpenda. Mwambie. Kama ni muungwana, atanunua gitaa, atalikabidhi kwa babu kabla ya jambo lolote, ndipo mambo ya tuzo yaendelee.

Kipusa wa Isevya
Da Mwasi hiyo ni bongo muvi sehemu ya pili. Babu analia, malori yanapiga honi.

Kijana wa Kanyenye
Da Mwasi nimewaza hivyo hivyo, ila nikimwambia atakasirika, atavuta hela, na ukumbi nimeshautolea taarifa kwa afisa utamaduni. Nilichofikiria ni hiki: babu aje saa moja, apige nyimbo mbili mapema kabla bango halijafunuliwa, apewe cheti, halafu gari imrudishe. Tuzo ya mwisho saa nne, babu hayupo, kila mtu kabaki na heshima yake.

Da Mwasi
Yaani mpiga solo aondoke kabla ya pilau, kwenye usiku wa wapiga solo?

Kijana wa Kanyenye
Pilau atafungiwa.

Mzee wa Stesheni
Kijana, unamrudisha nyumbani usiku na chakula cha kufungiwa kama mtu wa kibarua. Hivyo ndivyo walivyofanyiwa enzi zile, mlango wa nyuma. Mimi ningekuwa yeye nisingekuja. Ila na mimi nisingependa usiku ufe, maana sijasikia tumba za kweli miaka mingi. Mpigie mwenye malori leo, usingoje kesho. Akivuta hela, mimi nina kontena la nyuki, asali yake nitauza, tutakaa chini ya mwembe bila ukumbi. Muziki mdogo, wenye nia watakuja.

Ujiji Halisi
Na sisi tutaleta dagaa. Mabehewa yakiruhusu.

Kijana wa Kanyenye
Mzee nakushukuru, ila chini ya mwembe muda huu wa mvua na amplifaya? Wacha nimpigie. Nimepiga, hapokei. Nitamtumia ujumbe.

Fundi Redio
Ujumbe wa jambo hili! Nenda nyumbani kwake, mtume hata mzee mmoja akusindikize.

Kijana wa Kanyenye
Kesho asubuhi. Kuna mzee wa kamati nitakwenda naye.

Nauli Kamili
Mimi bado siamini, lakini kiingilio ni shilingi ngapi?

Kijana wa Kanyenye
Bure. Pilau kwa wenye kadi tu.

Nauli Kamili
Kadi zinapatikana wapi?