Tupeane uzoefu: usiku wa baridi Naivasha wakati wa Safari Rally, sisi watu wa Pwani

Maweni, Malindi
Wajameni, wanaopanda Naivasha kutazama rally, mashindano ya magari, hujiandaa kwa vumbi na jua, baridi wakaisahau. Kule ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, hata kama mchana ulichoma. Mashindano yalikuwa Juni, tangu 2024 yako Machi, lakini blanketi bado ni lazima. Wajuzi toeni mliyo nayo. Visa tuviache, semeni vitu na vipimo.

Langoni, Lamu
Baridi ya kule inakuingia kwa chini. Mtu abeba kabuti zito kisha alala juu ya mkeka, saa nane usiku mgongo umekufa ganzi. Tandika turubai, juu yake katoni zilizokunjuliwa tabaka mbili, halafu godoro la sponji la inchi 3. Ukiwa na blanketi mbili, moja ilalie, moja jifunike. Mkeka wa ukindu unapitisha hewa, uweke mlangoni pa kuvulia viatu.

Shela, Malindi
Jasho la mchana ndilo linalokutetemesha usiku. Jua likizama vua vyote, hata soksi, uvae vikavu: fulana ya kubana, sweta ya sufu, juu jaketi la kuzuia upepo. Boshori usiache. Kikoi kizungushe shingoni, ila kikilowa umande kitoe, pamba mbichi haina joto. Simu na pawabanki lala nazo ndani ya blanketi, baridi hupunguza chaji.

Mkomani, Lamu
Jiko la makaa ndani ya hema, hapana! Makaa yakishaiva na moshi ukaisha, watu hudhani ni salama, kumbe kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, na aliyelala haamki. Pika nje, jaza chai ya tangawizi kwenye themosi. Mlango wa hema uache wazi vidole vinne juu. Ukifunga wote, pumzi zenu hugeuka maji kwenye kitambaa na alfajiri yanawadondokea. Na msipige hema ukingoni mwa ziwa: viboko hutoka usiku kula majani, na njia zao hawabadilishi kwa ajili ya mgeni.

Maweni, Malindi
Shukran. Na asubuhi, tusimame wapi?

Shela, Malindi
Barabara za mashindano hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, ndiyo maana watu hulala karibu. Simama upande wa ndani wa kona, mahali palipoinuka. Gari likikosa kushika njia hutupwa nje ya kona. Kwanza hupita magari ya waandalizi yenye namba za sifuri, hayo yanapima usalama, usivuke nyuma yake. Ngoja la mwisho linalofagia njia.

Kedong, moja ya njia za mashindano, kuna fesh-fesh, vumbi laini kama unga wa ngano linaloficha mawe, kwa hiyo kaa upande unaotoka upepo na ufunge pua kwa leso iliyoloweshwa maji.

Langoni, Lamu
Mvua ikinyesha unga huo huwa uji. Egesha gari juu, pua ikielekea njia ya kutokea, na kamba ya kuvutia iweke juu ya mizigo, si chini yake.