Mbwa wangu ana kisukari, naombeni ushauri: dawa za asili na chakula

MamaTobi
Habari wakuu. Nina mbwa jike, chotara wa German Shepherd, miaka 9. Tangu atoke kwenye joto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa hovyo, anakula vizuri lakini mbavu zinahesabika. Kijana wa getini ndiye aliyeona sisimizi wanajaa pale anapokojoa. Daktari wa mifugo kampima: sukari, achomwe insulini asubuhi na jioni maisha yake yote. Sasa jirani anasema mlonge na uwatu vilimshusha sukari mama yake. Naweza kumpa hivyo nikaachana na sindano? Anakula ugali na dagaa, usiku tu.

Mfugaji wa Goba
Dada, usilinganishe na mama wa jirani. Watu wazima wengi wenye kisukari wana aina ya pili, kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini) bado linajikongoja. Kwa mbwa wenye kisukari, karibu wote, insulini yenyewe hakuna, na hakuna jani linaloileta. Ukichelewa ataanza kutapika na kususa chakula, hapo ni dripu na gharama mara dufu.

Kizazi ameshatolewa? Homoni za baada ya joto huzuia insulini isifanye kazi. Muulize daktari kuhusu operesheni mapema, kuna majike ambao sukari hukaa sawa baada ya hapo.

Kibibi
Upande wa chakula: milo miwili, kila baada ya saa 12, kipimo kilekile. Ale kwanza ndipo umchome. Sembe tupu inapandisha sukari haraka. Punguza, tumia dona, ongeza maharage yaliyoiva vizuri, mchicha na nyama isiyo na mafuta. Dagaa waloweke chumvi itoke. Vitunguu vya aina zote MARUFUKU, hata saumu ambacho watu hukipigia debe, vinaharibu damu ya mbwa. Na bigijii zisizo na sukari zifungie kabatini: zenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari) zinaweza kumuua.

MamaTobi
Asanteni. Uwatu kidogo juu ya chakula, pamoja na sindano?

Mfugaji wa Goba
Mwambie daktari kwanza. Uwatu nao unaweza kushusha sukari, ukijumlisha na insulini anaweza kuanguka. Ukimwona anatetemeka au anayumba, mpake asali kwenye fizi na upige simu palepale.

Chotara
Angalieni mabomba ya sindano! Insulini ya mifugo mara nyingi ni yuniti 40 kwa mililita, ya binadamu 100. Kila moja na bomba lake, ukichanganya mabomba, dozi inakosewa. Na macho yake yachunguzwe, mtoto wa jicho huwapata wengi ndani ya mwaka wa kwanza.



MamaTobi
Nimempigia daktari, operesheni tutapanga sukari ikishatulia kidogo. Umeme kwetu unakatika, insulini naihifadhije?

Kibibi
Ndani ya friji, mbali na friza. Ikiganda hata mara moja, tupa. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo.