Mrejesho: Nimepata chuo cha kusomea data kubwa darasani

Ndugu zangu, mwaka jana niliwauliza ni wapi Afrika Mashariki mtu anaweza kusoma data kubwa (big data, yaani data nyingi kupita uwezo wa kompyuta moja) darasani, ana kwa ana. Nawashukuru kwa dhati. Nilimfuata aliyenisihi nisome mtaala somo kwa somo badala ya kuamini jina la shahada, na kweli, shahada moja niliyoipenda ilikuwa takwimu tupu, bila Hadoop wala Spark, zana za kugawa kazi ya data kubwa kwa kompyuta nyingi. Sasa nasoma uzamili wa sayansi ya data Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Gikondo, Kigali, mkondo wa uchimbaji data, yaani kutafuta ruwaza zilizojificha ndani ya data. Ufadhili nimeukosa, ingawa niliomba mara mbili kama mlivyonielekeza, hivyo ada nalipa kwa akiba yangu. Juzi maabara tuligawanya faili moja kubwa kwenye kompyuta nne, na hesabu iliyokuwa ikigandisha kompyuta yangu ya nyumbani ikaisha mbele ya macho yangu.