Teen Mom na wenzenu: mnatupumbazia mabinti, halafu mnatuletea takwimu

Wakuu, leo salamu sina. Nimekuja na povu na nitalimwaga lote hapa. Asiyependa uzi mrefu apite kushoto.

Jumamosi nimekaa kibarazani napepeta mchele. Binti yangu, miaka 15, kidato cha pili, kajilaza mkekani na simu yangu anaangalia vipande vya Teen Mom, kile kipindi cha televisheni cha Wamarekani waliozaa wakiwa wadogo. Vimekatwa dakika moja moja, muziki juu: huyu anahamia nyumba mpya, yule anachagua gauni la harusi, mwingine yuko kwenye gari ambalo huku kwetu tunaliona siku mbunge akija kuomba kura. Nikamuuliza hao ni akina nani. Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Mama, hawa walizaa wadogo kama wewe. Ungekuwa Marekani saa hizi ungekuwa tajiri."

Ungo ulinitoka mkononi. Kuku wa jirani walikula sikukuu.

Sikumpiga wala sikumfokea. Amesema alichokiona. Hasira yangu ni kwa waliomwonyesha, na ninyi mnaokuja na ule wimbo wenu wa "kile kipindi kinaelimisha".

Mimba ya huyu binti niliipata Juni 2009, likizo, niko kidato cha tatu, miaka 17. Septemba wasichana wote tukapangwa foleni nyuma ya bweni, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo. Matroni anachovya kijiti kimoja baada ya kingine huku anapiga soga na mwenzake. Changu kilipotoa mistari miwili hakuniita pembeni. Alitaja jina langu kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Saa nne asubuhi niko getini na tranka, godoro limefungwa kamba ya katani, na barua inayosema nimetenda kosa dhidi ya maadili. Mwenye mimba alikuwa konda wa Hiace, mtu mzima wa miaka 26. Habari zilipomfikia akaenda Mererani kuchimba, na nadhani mpaka leo anachimba.

Machi 2010 naingia leba. Kabla hata sijaulizwa uchungu umeanza lini, nikaulizwa vifaa: glavu, wembe, pamba, mpira wa kulalia, kibanio cha kitovu. Nilikuwa na glavu jozi moja. Nilitukanwa kwa ile jozi moja kama vile nimeiiba. Kitanda tulilala wawili, mzungu wa nne, miguu ya mwenzangu usoni kwangu. Nilipopiga kelele muuguzi akaniuliza kama siku napewa mimba nilikuwa napiga kelele vilevile. Wenzake wakacheka.

Baada ya hapo ni vitumbua. Saa kumi alfajiri mkaa unafuka, mtoto mgongoni, saa kumi na mbili niko stendi na ndoo. Miaka. Mtihani wa kidato cha nne nilikuja kuufanya 2016, mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata divisheni foo, na niliifurahia kuliko wengi wenu mlivyofurahia wani zenu.

Sasa turudi kwa hao matajiri. Siku tatu hizi nikishafunga genge nakaa na bando nasoma habari zao.

Kilichoanza ni 16 and Pregnant, kwenye MTV, televisheni ya huko Marekani, tarehe 11 Juni 2009. Ndiyo, mwezi uleule, mnaweza kucheka. Kila kipindi kina binti mmoja wa sekondari, kamera inamfuata miezi kadhaa mpaka amejifungua na kurudi nyumbani: ugomvi na mama mtu, ugomvi na kijana wake, katikati wanaweka vichoro kama vya daftari la shule, mwisho binti anakaa mbele ya kamera analia, anasema mtoto anampenda ila angesubiri. Nimetazama vinne. Nasema kweli ya Mungu, vile peke yake havitamanishi. Leba ipo, usiku wa kukesha upo, kijana anayecheza gemu mtoto akilia yupo. Kile cha Catelynn Lowell na mwenzake Tyler Baltierra, waliomtoa mtoto wao aasiliwe, kilinitoa machozi.

Ingekuwa wameishia hapo, leo nisingekuwa hapa.

Desemba ileile, kati ya mabinti sita wa msimu wa kwanza, wakachukua wanne wakawapa kipindi chao, wakakiita Teen Mom. Ndipo mambo yalipogeuka. Jana yake alikuwa mtoto wa shule aliyepata mimba, leo ni staa na ile mimba ndiyo kazi yake. Majarida ya umbea yakawapandisha jaladani. 2011 ikaja Teen Mom 2, 2013 Teen Mom 3, 2018 wakasajili kikosi kipya, na 2022 wakafungua toleo jingine ambalo ndani yake wamo baadhi ya walewale wa 2009, sasa ni mijimama ya miaka thelathini. Niambieni timu gani inacheza na wachezaji walewale miaka kumi na tatu.

Nisikilizeni hapa maana ndipo penye donda langu. Binti yuko jikoni analia hana hela ya nepi. Mbele yake kuna mtu wa kamera, mtu wa sauti, mtu wa taa, nje kuna gari lililowaleta, na mahali fulani kuna mkataba wa malipo wenye sahihi. Wote hao hawaonekani. Kwa miaka kipindi kilikwenda kana kwamba kamera haipo; mpaka 2015 ndiyo wakaanza kuonyesha maprodyuza na kukubali hadharani kwamba hawa ni watu maarufu. Kwa hiyo mtoto wangu anamwona binti aliyezaa na miaka 16, na anaiona nyumba mpya. Anachofichwa ni kilichoko katikati, hundi ya televisheni. Basi anaunganisha mwenyewe: zaa, lia kidogo, hamia nyumba mpya. Ungemlaumu?

Najua mtaniletea ule utafiti, acha niulete mwenyewe niwapunguzie kazi. Wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, mwaka 2014, walisema 16 and Pregnant ilipunguza uzazi wa mabinti Marekani kwa asilimia 5.7 ndani ya miezi 18 tangu ianze. Haya, nimesikia. Lakini wanaoubandika huo kila mahali hawasemi kwamba Jaeger, Joyce na Kaestner waliyapitia mahesabu yale upya wakaona hayasimami, maana tofauti za mwenendo wa uzazi kati ya maeneo kilikotazamwa sana na kilikotazamwa kidogo zilikuwepo hata kabla ya kipindi. Na uzazi wa mabinti kule ulikuwa unashuka tangu 1991, kutoka 61.8 kwa kila mabinti elfu moja hadi 15.4 mwaka 2020. Jogoo kawika, kajipa sifa ya kuleta asubuhi.

Mwaka huohuo 2014 kuna Nicole Martins wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwenzake Robin Jensen. Waliwauliza wanafunzi wa sekondari 185. Wale watazamaji wakubwa wa hivi vipindi ndio walioamini zaidi kwamba mama mdogo ana maisha ya kutamanika, kipato kizuri, na baba wa mtoto anayeshiriki malezi. Baba anayeshiriki malezi, jamani! Utafiti huo haukumhoji binti yangu, lakini alichosema mkekani ndicho hichohicho.

Halafu hata nikiwapa hiyo asilimia 5.7 yenu yote, mbona mnaisoma nusu? Wale wachumi walionyesha kipindi kikirushwa, watu wanaingia Google kutafuta mambo ya uzazi wa mpango. Kule binti akiogopa ana pa kukimbilia. Huku kwetu akiogopa aende wapi? Zahanati ambayo mhudumu anasali jumuiya moja na mama yake? Duka la dawa ambako akisema anachotaka, kabla hajafika nyumbani taarifa imeshamtangulia na bodaboda? Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2022 unasema asilimia 22 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kubeba mimba. Hawa hawahitaji kutishwa na Mmarekani analia. Wanahitaji mtu wa kujibu swali bila kuwakodolea macho.

Nilikuwa nimalizie hapa ila kuna hili la nyumbani, na hili ndilo linaloniuma zaidi, maana kuna wajanja wetu wameiga.

Mwezi uliopita mtaani kwetu, binti wa kidato cha kwanza, mimba ya miezi saba. Wakaja vijana watatu na maiki yenye nembo ya televisheni yao ya mtandaoni. Sitaitaja, wenyewe wanajijua. Binti akawekwa kwenye stuli nje ya nyumba, akaambiwa ashushe kitenge tumbo lionekane vizuri. Swali la kwanza, ulijisikiaje ulipogundua? La pili, bado unampenda? Bibi yake kasimama pembeni anachekacheka ile ya aibu. Chini ya skrini wakaweka namba ya michango. Video ikapaa. Nilisoma maoni: mrembo huyo, nipeni namba yake, mimi nitalea.

Kuna mmoja wao alisikia kiu akaenda kununua soda. Duka ni la yule aliyempa mimba. Mtaa mzima unajua. Nilikuwa pale nanunua chumvi, nikamwona akihesabu chenji, akimtakia kazi njema. Sheria ya 2016 inasema anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Yeye maiki haikumfikia hata pua.

Walimwachia binti elfu kumi na ile soda. Wamarekani angalau wanalipa.

Na matokeo? Jioni ile wenzake wa shule walikuja, sare hawajavua, wanagombania kupiga naye picha. Mmoja alimwambia "umetoboa". Mimba ya miezi saba, mtoto wa miaka 14, kaacha shule, ametoboa!

Ninyi wanaume wa humu msijifiche nyuma ya kibodi. Kila wiki kuna uzi wa "usioe singo maza", kurasa kumi na tano, mnatuchambua kama dagaa. Singo maza huyohuyo akiwa na wafuasi milioni mnamwita malkia na mnabonyeza kopa. Mabinti wanasoma vyote viwili. Wanachojifunza ni kwamba kosa langu mimi ni kukosa kamera.

NYONGEZA, saa nne usiku

Naona mmejaa.

Anayesema nimnyang'anye mtoto simu: simu ni yangu, na nikimnyima ataangalia ya jirani, kwa jirani sitakuwepo kuuliza hao ni akina nani.

Anayesema mbona siku hizi wanaruhusiwa kurudi shule: ndiyo, tangu Novemba 2021, na nilishangilia. Nilikuwa nimechelewa miaka kumi na mbili tu. Nendeni mkaangalie wangapi wanarudi, na wakirudi mwalimu anawaitaje mbele ya darasa.

Anayesema nina wivu: ndiyo, ninao. Wewe ulitaka nisiwe nao?

Anayeuliza nimemjibu nini mtoto. Nilishindwa kuongea, nikaingia ndani nikamtolea bahasha. Kadi ya kliniki, risiti ya ile jozi ya glavu, sijui kwa nini niliitunza, na barua ya shule. Nikamwambia hii ndiyo Teen Mom ya kwetu, msimu mmoja, haina muziki. Akasoma barua polepole, akairudia. Nikasubiri alie, au aniombe msamaha, nilikuwa nimeshaandaa na la kumjibu.

Akaniuliza, "Mama, mbona jina lako wamelikosea?"

Nikaichukua nikaisogeza kwenye taa. Kweli. Herufi moja imeruka. Barua nimeitunza miaka yote hii na sikuwahi kuliona.